Mafia, Tumbatu na Pemba kwa nauli ya mwananchi: shajara ya safari ya Januari

Nauli ya ndege ya kwenda Mafia na kurudi ingemeza nusu ya bajeti yetu kabla hatujala hata mlo mmoja. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu wa kike tuliamua kwenda visiwani kama wanavyokwenda wenyeji: basi, kivuko, mashua, daladala na meli ya usiku. Niliyoandika hapa nimeyatoa kwenye daftari na picha za simu baada ya kurudi Dar. Bei ni zile tulizolipa sisi, nyingine nimezikadiria kidogo, na bila shaka zitapanda, ila zitakupa mwanga wa kupangia.

Kabla ya yote, jifunze maji. Anayesafiri kwa bei nafuu visiwani anasafiri kwa ratiba ya bahari, wala hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani itakayomsaidia kama hajui maji yanajaa saa ngapi. Wavuvi wanahesabu kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu dakika 50. Ikifika wiki moja baadaye ni maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa mnamo saa 4 na hayapandi sana wala hayashuki sana. Ukijua hilo, unaweza kutazama mwezi usiku ukiwa Mbagala na kujua kesho mashua ya Chole, kisiwa kidogo jirani na Mafia, itakufikisha ufukweni au utashuka majini na kutembea.

Alhamisi: Mbagala hadi Nyamisati

Basi la Nyamisati linaondokea Mbagala Rangi Tatu. Tulilipa shilingi 10,000 kila mmoja. Fika mapema, maana wenye mizigo ya biashara wanaanza kujaza buti alfajiri, na ukichelewa begi lako litawekwa miguuni mwako safari nzima. Barabara ya Kilwa ni lami, unapita Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana, halafu pale Bungu basi linakata kushoto kuelekea baharini. Kutoka hapo ni mikorosho, minazi na vijiji hadi unapoanza kunusa matope ya mikoko ya delta ya Rufiji.

Pale Rangi Tatu tulinunua kitu ambacho kilitufaa kuliko vyote tulivyobeba: ndoo tupu ya rangi, lita 10, yenye mfuniko wa kubana. Shilingi 4,000. Muuzaji alikuwa ameikwangua rangi yote ya ndani, ikabaki alama nyeupe tu chini ya ukingo. Ndani yake tuliweka simu, chaja, vitambulisho, daftari na nguo kavu za siku moja. Begi likilowa, ndoo hailowi. Ukikosa pa kukaa kwenye mashua, unaikalia. Mabegi yasiyopenya maji yanauzwa madukani kwa bei ya kutisha, na hakuna mvuvi hata mmoja niliyemwona nalo.

Nyamisati ni kijiji cha kusubiri. Chombo kinategemea maji kwa sababu mkondo wa kutokea baharini ni wa kina kifupi, kwa hiyo saa ya kuondoka inatangazwa jioni yake. Tulikata tiketi za kivuko cha serikali cha kwenda Mafia, shilingi 16,000, tukaonyesha kitambulisho, majina yakaandikwa. Chumba kilikuwa shilingi 15,000, kitanda kimoja, chandarua kizima. Tafadhali usiende Nyamisati bila dawa ya mbu. Mbu wa mikokoni hawangoji giza.

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki kando ya gati alituuliza tumefikia wapi. Tulipomwambia, akamwita mwanawe wa kiume na kumwambia, "Saa 9 usiku ukawagongee hawa dada zako, wasije wakaachwa." Hatukumwomba. Tulikuwa tumenunua kwake ugali na samaki wa shilingi 3,000 tu.

Ijumaa: kuvuka

Kijana aligonga kweli. Mwezi ulikuwa mpevu, maji yamejaa hadi kwenye miti ya gati, na chombo kikang'oa nanga saa 10 na nusu alfajiri. Kwa muda mrefu unapita kati ya kuta mbili za mikoko na huoni bahari yenyewe. Ni huku huku kwenye delta ambako manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hadi Waingereza walipoiangamiza Julai 1915, na ndege zilizowaelekeza wapiga mizinga ziliruka kutoka Mafia. Mzee aliyekaa karibu nasi alisimulia hayo kama aliyoyasikia kwa babu yake, akionyesha kwa kidole upande wa kusini.

Nje ya delta upepo wa kaskazi ulitupokea. Ukiwa na tumbo jepesi, kaa katikati ya chombo upande wa nyuma, tazama mbali, na tafuna tangawizi mbichi. Usipande na njaa; kula mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha nusu saa kabla. Mdogo wangu alifuata haya yote akalala usingizi. Abiria wengine waliokunywa soda na kula chipsi gatini waliteseka.

Tulifika Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, asubuhi jua likiwa bado halijakali. Nyumba ya wageni karibu na soko, shilingi 25,000 kwa chumba cha watu wawili chenye feni. Siku iliyobaki tulilala, tukafua, tukala wali wa nazi na changu wa kuchoma kwa shilingi 5,000.

Kilindoni kuna benki yenye mashine ya kutolea pesa na mawakala wa simu wengi. Toa pesa zako hapo. Ukivuka kwenda visiwa vidogo vya Chole au Juani utahitaji noti ndogondogo. Ukitoa noti ya 10,000 kwa nauli ya 1,000 unamtaabisha nahodha.

Jumamosi: Utende na Chole

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni barabara nzuri ya kama kilomita 15, daladala shilingi 2,000. Njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ya kwanza ya aina yake nchini. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje vimepishana mno. Tunza risiti, utaulizwa tena.

Mashua ya abiria kwenda Chole inatoka ufukweni Utende, shilingi 1,000. Usikubali kukodi boti nzima kabla hujauliza ya abiria iko wapi. Wako watakaokuambia haipo leo. Ipo, inangoja watu, na watu wanakuja: wanafunzi, wauza mboga, bibi mwenye kuku wawili. Tulingoja kwa muda mrefu kidogo chini ya mti, tukavuka na wenyeji.

Chole ni kisiwa cha kutembea kwa miguu. Hakuna magari. Kuna magofu ya nyumba za enzi ya Wajerumani yaliyofumwa na mizizi ya miti, na kuna popo wakubwa wanaoning'inia kwenye miembe mchana kutwa. Lakini kilichotushika tukakaa nusu ya siku ni mafundi wa vyombo.

Walikuwa wawili chini ya kivuli cha makuti, na mashua imeinuliwa juu ya magogo. Fundi mkubwa alikuwa anatia kalafati: anachukua pamba, anaisokota kwenye paja kuwa kamba nyembamba, anaichovya kwenye mafuta, anaipanga juu ya ufa kati ya mbao mbili, kisha anaigongelea ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Pigo tatu, anasogea kidogo, pigo tatu. Sauti inabadilika ufa unapojaa. Mwanzo ni sauti tupu, mwisho ni kavu na nzito, na hapo ndipo anapojua pametosha. Nilimuuliza mashua kama ile inadumu muda gani. Akajibu, "Ukiipandisha ukaitia kalafati kila inapotaka, utamwachia mwanao. Ukingoja mpaka ivuje, hutamwachia mtu." Kisha akanifundisha kitu nilichokitumia safari nzima: kabla ya kupanda chombo cha mbao, tazama ndani chini, karibu na mlingoti. Maji kidogo ni kawaida. Ukimwona mtu anafua maji, yaani anayachota na kuyamwaga nje, mfululizo kabla chombo hakijaondoka, ngoja kinachofuata.

Kurudi Utende maji yalikuwa yamepwa kabisa. Tulishuka mbali na ufuko na kutembea majini hadi magotini. Vaa viatu vya mpira, vile vya yeboyebo vya shilingi 5,000, kwa sababu chini kuna mawe ya matumbawe yanayokata. Wanawake, vaeni suruali nyepesi ndani ya kanga. Unakunja kanga unapita, heshima iko pale pale.

Jumapili: Kua

Magofu ya Kua yako kisiwani Juani, na kuyafikia kwa chombo ni lazima maji yawe juu, vinginevyo utakwama kwenye mikoko. Kujaa siku hiyo kulikuwa mnamo saa 12 asubuhi, kwa hiyo tuliamkia ufukweni. Tulijiunga na walimu watatu waliokuwa mapumzikoni, tukagawana boti: shilingi 12,000 kila mtu, mwongoza njia ndani yake. Peke yenu wawili mtalipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Fanya hivi kila mahali: jioni ya kabla, kaa pale watu wanapokula, uliza nani anakwenda wapi kesho.

Kua ulikuwa mji mkubwa wa mawe, wenye misikiti na jumba la ghorofa, mpaka ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kuta za jumba bado zimesimama, mibuyu imeota uani. Watu wa Juani wanapaheshimu. Usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha, na ukikuta chano au ubani umewekwa mahali, usiguse. Tulitoka kabla ya saa 3, nahodha akihimiza, kwa kuwa maji yalishaanza kurudi na mizizi ya mikoko ilikuwa inatokeza.

Jumatatu: potwe

Potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anaonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Anakula vijidudu vya baharini, hana habari na mtu. Tulikuwa wanane kwenye boti moja, shilingi 30,000 kila mmoja pamoja na miwani ya kuzamia. Ndiyo iliyokuwa gharama kubwa kuliko zote za Mafia na sikujuta hata senti. Alipita chini yangu, mgongo wa kijivu wenye madoa meupe yaliyopangwa kwa mistari, ukapita, ukazidi kupita, mpaka mkia ukaja na kuyasukuma maji.

Usimguse, usiogelee mbele ya kichwa chake, kaa mbali hatua kadhaa. Boti nyingine pale ilikuwa inamfukuza kwa injini mpaka akazama. Mwambie nahodha wako mapema, kabla hujalipa, kwamba hamtaki kufanya hivyo. Nahodha wengi wazuri wanafurahi kusikia abiria akisema.

Jumanne: hakuna chombo

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, safari ikaahirishwa. Watu walinung'unika gatini, mwenye embe zake anaona zinaiva. Kuna boti ndogo iliyokuwa tayari kuondoka hata hivyo, na mpiga debe akasema bei itapunguzwa. Hatukupanda, na ninakuomba nawe usipande.

Sisi wa pwani hii tunajua. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Unguja. Mamia ya watu hawakurudi, na nyumba nyingi za Pemba hazijasahau. Bajeti yoyote ya visiwani iwe na akiba ya siku mbili za kukwama, yaani pesa ya chumba na chakula, ili siku upepo ukikataa usilazimike kuchagua kati ya nauli na roho yako. Kama huna akiba hiyo, punguza kisiwa kimoja.

Mwenye nyumba ya wageni alipoona tumerudi na mabegi, alikataa kutuchaji usiku ule bei kamili. Akachukua 15,000. "Upepo si wenu," alisema. Jioni akatuletea bakuli la mihogo ya nazi.

Jumatano hadi Ijumaa

Jumatano tulivuka salama, tukafika Mbagala usiku. Alhamisi tukapanda boti ya kasi Dar hadi Unguja, shilingi 30,000, safari ya karibu saa 2. Tiketi ikate dirishani au mtandaoni. Usimpe pesa mtu anayekukimbilia nje ya bandari. Unaposhuka Malindi, bandari ya Unguja, papasi watakufuata wakitaka kukubebea na kukupeleka hoteli. Wengi hawana ubaya, ni riziki yao, ila kamisheni yao iko ndani ya bei ya chumba chako. Salimu, shukuru, endelea kutembea. Kwa wageni wa nje ya nchi: tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, dola 44, panga mapema.

Mji Mkongwe ni ghali kulala. Vuka barabara, nenda Ng'ambo, utapata chumba kwa shilingi 40,000 cha watu wawili. Ijumaa tulipumzika, jioni urojo, mishikaki, kahawa chungu na kashata barazani.

Jumamosi: Tumbatu

Daladala hadi Mkokotoni, kaskazini, shilingi 2,500. Pale sokoni uliza vyombo vya Tumbatu, viko vya Gomani na vya Jongowe. Tulikwenda Jongowe kwa shilingi 2,000, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya unga na tangi la maji. Maji yalikuwa yanajaa karibu na adhuhuri kwa hiyo chombo kilifika hadi mchangani.

Tumbatu haina hoteli, wala watu wake hawajaizoea habari ya utalii, na hivyo ndivyo wanavyotaka. Ukienda, nenda kama mgeni wa watu: vaa nguo za kufunika, toa salamu kila baraza unayopita, na kabla ya kuzunguka mtafute sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ujitambulishe. Tuliulizia nyumbani kwa sheha. Hakuwapo, lakini wazee waliokuwa barazani walituuliza maswali, wakaridhika, wakamtoa kijana mmoja afuatane nasi hadi magofu ya Makutani. Ni mji wa kale wa mawe kando ya bahari, na msikiti wake bado una mihrabu inayoeleweka. Kijana alikataa pesa. Tulipomshikilia, akasema kama tunataka tununue daftari dukani kwa ajili ya chuo (madrasa) cha mdogo wake. Tukanunua kumi.

Picha: omba kwanza, hasa kwa wanawake. Nina picha chache sana za Tumbatu na ndivyo ipasavyo.

Jumapili usiku: meli ya Pemba

Meli ya usiku inaondoka Malindi na kufika Mkoani, bandari ya Pemba, alfajiri. Daraja la chini tulilipa shilingi 30,000. Faida yake si nauli tu: unaokoa pesa ya chumba usiku huo. Watu wanatandika mikeka na kanga, watoto wanalala, ndoo yetu ikawa meza ya jirani zetu. Chukua nguo nzito. Kipupwe cha ndani ni kikali na upepo wa sitahani ni mkali zaidi. Ukipita Nungwi meli inaingia kwenye mkondo na kuanza kuyumba. Lala chali kabla ya hapo. Na ukipanda tu, tazama majaketi ya kuokolea yako wapi na mlango wa karibu ni upi. Ni jambo la nusu dakika.

Bi mkubwa mmoja wa Wete aliyelala karibu nasi aliamka mara nyingi usiku kuomba dua. Asubuhi alituambia alipoteza ndugu mwaka 2011 na bado hapandi meli bila kutawadha. Kisha akatukata vipande vya halua aliyokuwa amebeba kuwapelekea wajukuu, ingawa Wete ndiyo kwenyewe kwa halua.

Jumatatu hadi Alhamisi: Pemba

Mkoani usikawie. Daladala namba 603 inakwenda Chake Chake, ya 606 inatoka Chake kwenda Wete, ya 602 inakwenda Konde. Nauli zote zilikuwa kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Tulifanya Chake kuwa kituo, chumba shilingi 30,000, tukawa tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Magari yanapungua baada ya alasiri, kwa hiyo usiwe Konde saa 11 jioni ukitumaini bahati.

Pemba si tambarare. Barabara inapanda na kushuka kati ya mikarafuu, na Januari hii bado tulikuta majamvi ya karafuu yameanikwa kando ya barabara, ya kijani yakigeuka kahawia, harufu ikiingia madirishani mwa daladala. Ushauri muhimu: usinunue karafuu za kuondoka nazo kwa mtu wa njiani. Biashara yake iko chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzisafirisha nje ya utaratibu ni magendo. Nunua matunda badala yake. Shokishoki fungu shilingi 1,000, doriani kwa wanaoiweza.

Jumanne tulikwenda Kidike kuwaona popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, kisha wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda. Kiingilio ni kidogo na kinabaki kijijini, kwa hiyo hapo usipunguze bei. Nenda mchana kuelekea jioni wanapoanza kuamka na kugombania matawi.

Jumatano Konde, kisha bodaboda hadi msitu wa Ngezi. Askari wa msitu alituongoza kwa miguu, miti mirefu imeziba jua, na mwisho wa barabara ukafunguka ufuko wa Vumawimbi: mchanga mweupe, ngalawa mbili, hatukuona mtu mwingine. Hakuna duka. Beba maji na chakula. Tulikuwa tumesahauliwa na bodaboda wetu tuliyekubaliana naye arudi saa 9, tukaanza kutembea, na nyumba ya kwanza tuliyopita mama akatoka mlangoni: "Wanangu, mwenda wapi na jua hili? N'jooni mkae." Tulipewa dafu, kisha wali kwa dagaa, kisha mumewe akampigia simu mpwawe mwenye pikipiki. Tulilipa pikipiki, chakula walikataa katakata. Tukaacha sukari kilo mbili tuliyonunua Konde kwa kumpa yule mpwa awapelekee.

Kuhusu zawadi za namna hii, kwa wasafiri wenzangu: usafiri wa bei nafuu usigeuke kuishi kwa mgongo wa watu. Mwenyeji wa pwani hatakuambia gharama. Beba majani ya chai, sukari, daftari za watoto, uwe na cha kuacha.

Ijumaa: Mkoani hadi Tanga

Meli ya Pemba na Tanga haisafiri kila siku, na siku zake hubadilika, kwa hiyo tulikuwa tumeulizia tangu tulipotua Mkoani. Hili ndilo lililotuokolea kurudi Unguja na kulipa nauli mbili. Shilingi 35,000, saa chache za kuvuka mkondo wa Pemba, maji ya buluu iliyokolea na pomboo upande wa kulia. Chukua viti vya nyuma. Bandarini Tanga mizigo inakaguliwa; uwe na kitambulisho mkononi.

Tanga chumba shilingi 20,000, na basi la Dar asubuhi shilingi 20,000 vilevile. Tulipojumlisha kila kitu, chakula na siku ya kukwama ikiwemo, ilikuwa karibu shilingi 600,000 kwa kila mmoja wetu. Mwenye muda mfupi aache Mafia au aache Pemba, asijaribu zote mbili kwa haraka. Kivuko cha Nyamisati peke yake kinaweza kula siku mbili. Na kwa ndugu zetu wa Mombasa, anzieni mwisho: Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, kisha meli ya Pemba, na mteremke kusini kutoka hapo. Kati ya Desemba na Machi kaskazi itakuwa mgongoni mwenu karibu njia yote.